Msimtupe Sokoni: Mawaidha ya Ijumaa Juu ya Paka Wazima Wanaongoja Nyumba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho, kitembeacho na kirukacho, anayejua riziki ya kila kimoja na mahali pake pa kulala. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, na mama zetu na dada zetu mlioko nyuma ya pazia, leo nataka tuzungumze juu ya paka. Watoto wa paka, alhamdulillahi, wana watetezi wengi. Mtoto wa paka akilia uchochoroni asubuhi, kabla ya magharibi keshapata wa kumbeba. Nawazungumzia paka wazima, wa miaka mitatu, mitano, minane, waliokuwa na kwao wakapapoteza, na ambao sasa wako kwa walezi wa muda wakingoja mtu wa kuwachukua moja kwa moja. Wengi wao wanangoja muda mrefu, na mtu huyo haji.

Mnajua wanavyofika hapo. Bibi anafariki, wajukuu wanakaa kikao, wanahesabu samadari, makasha na sahani za shaba, na nyumba inauzwa. Paka waliokuwa wakilala barazani pake hawamo katika hesabu. Kijana anapata kazi Maskati au Doha, na paka wake anabaki kwa mama ambaye naye afya yake si ya kutegemea. Familia inahama Mji wa Kale, inapanga fleti Bamburi, na mwenye nyumba keshasema hataki mnyama. Binti anajifungua mtoto mwenye pumu na daktari anatoa ushauri wake. Hizi ni sababu za kweli, na dini yetu haimtwiki mtu mzigo asioweza kuubeba. Kushindwa kuendelea na paka si dhambi. Tutazame yale tunayoyafanya baada ya kushindwa.

Tunalofanya, mara nyingi mno, ni kumtia guniani. Paka anafungwa humo usiku, anapakiwa kwenye tuktuk, anamwagwa karibu na soko la samaki au nyuma ya Marikiti, na aliyemmwaga anarudi nyumbani akijiambia kuwa pale hatakosa utumbo wa samaki. Hakai akaona kinachofuata. Soko lina wenyewe. Paka shume wa pale wamekwisha kugawana kila kichochoro na kila meza ya mvuvi, na mgeni hupokewa kwa makucha. Paka wa nyumbani hajui kupigania kichwa cha jodari. Hukimbilia mtaroni au chini ya gari lililoegeshwa, hujibana hapo bila kula wala kunywa, na anapotoka hutoka kutafuta njia ya kurudi kwao, akivuka barabara ambazo hajapata kuzivuka maisha yake yote. Wengi huishia barabarani humo humo. Tunawaona asubuhi tukienda kazini, na tunageuza uso.

Nyote mnaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Bukhari na Muslim wameipokea, kutoka kwa Abdullah bin Umar na kutoka kwa Abu Huraira pia. Alimfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie vijidudu vya ardhini. Tunaisimulia kwa haraka, tukafika kwenye moto tukashtuka, kisha tukaenda zetu. Hatuketi na yale mawili aliyolaumiwa nayo. Alikuwa na milango miwili ya kutokea, kumlisha au kumwachia, na ameangamia kwa sababu alifunga yote miwili.

Sasa yule mwenye gunia husema: mimi sikumfunga, mimi nimemwachia. Anaamini amepita mlango wa pili. Ndugu yangu, mlango huo ni wa paka anayeweza kujitafutia. Wanazuoni wa Kimaliki wameliandika jambo hili katika vitabu vyao vya fikihi, katika mlango wa matumizi ya lazima, jirani na matumizi ya mke na watoto. Wamesema: paka kipofu akikimbilia nyumba ya mtu na hana uwezo wa kuondoka, kumlisha ni wajibu juu ya mwenye nyumba. Hakumnunua, hakumwita, wala hakumtaka, lakini wajibu umemfika mlangoni. Akiwa ana uwezo wa kuondoka, hapo si wajibu. Angalieni kipimo walichoweka wanazuoni hawa: uwezo wa kujiendea. Nami nasema, kwa kipimo hicho hicho, paka aliyekulia ndani, akala sahanini tangu alipoachishwa ziwa, ukimshusha sokoni usiku wa manane, hali yake iko karibu zaidi na ya yule kipofu kuliko na ya paka shume wa pale. Hiyo ni rai yangu, na mwenye elimu zaidi anirekebishe. Lakini sioni namna ya kumwambia Mola wetu siku ya hesabu kwamba nilimwachia, hali nilijua hawezi.

Wapo wanaosema paka huyu mzee sasa hana kazi, panya wanapita mbele yake na yeye anawatazama tu. Tumsikilize Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki Cairo mwaka 660 Hijria, ambao ni 1262 Miladia. Katika kitabu chake cha kanuni za hukumu aliziorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu, na aliyoanza nayo ni matumizi: mwenye mnyama amlishe kwa kadiri anavyostahiki mnyama wa aina yake, hata akipatwa na ugonjwa wa kudumu, hata akiwa hana faida yoyote tena. Ameyaandika haya zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Faida ikiisha, haki inabaki. Na katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa habari ya ngamia aliyemjia Mtume, rehema na amani zimfikie, akimshitaki mmiliki wake. Alikuwa amevuta maji kwa mtu huyo mpaka akazeeka, na sasa mtu anataka kumchinja. Nyama ya ngamia ni halali, ndugu zangu, na hata hivyo malalamiko yake yalisikilizwa. Je, paka, ambaye hata nyama yake hatuli?

Basi kama huwezi kubaki naye, na kumtupa huwezi, umebakiwa na nini? Umebakiwa na kumpa mtu. Na hapa kuna jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipolisoma, na ndilo lililonifanya niichague mada hii leo.

Muslim amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alikataza thamani ya mbwa na ya paka. Wanazuoni wametofautiana katika kuifahamu hadithi hii. Ibnul Qayyim na wenziwe wameichukua kama ilivyo, wakasema paka hauzwi. Wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu, wamejuzisha kumuuza paka mwenye manufaa. Imam Nawawi, alipoishereheshea Sahihi Muslim, alileta maelezo mawili ya katazo hilo. La kwanza ni kwamba limekusudia paka asiye na manufaa. La pili, na hili ndilo ninalotaka mlibebe mwende nalo majumbani, ni kwamba ni katazo la kuwaepusha watu na jambo lisilopendeza, ili wazoee kupeana paka kama zawadi, kuazimana, na kuwa wepesi wa mkono katika jambo lake, na akasema ndivyo watu walivyokuwa wakifanya kwa kawaida.

Hebu lifikirini hilo. Imam ambaye vitabu vyake ndivyo tunavyovisoma katika madrasa zetu za pwani, Minhaj na Riyadhus Salihin, alikuwa akiishi katika jamii ambayo mtu akiwa na paka wa ziada humpelekea jirani, na jirani akisumbuliwa na panya huazima paka akamrudisha. Paka walikuwa wakipita mkono kwa mkono. Hivyo tunapozungumza leo juu ya kuwatafutia paka nyumba mpya, pasiwe na anayesema ni mambo ya Wazungu. Ni mwenendo wa majirani wa Kiislamu, na imam wetu ameona kuwa huenda hekima ya katazo lile ilikuwa kuulinda mwenendo huo.

Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria. Mwaka huo huo alifariki pia Sultani Baybars, mtawala wa Misri na Sham, ambaye Nawawi alipata kumkabili kwa barua akimkanya juu ya mali za watu. Sultani yule, pamoja na yote, aliacha wakfu wa bustani mjini Cairo kwa ajili ya kulisha paka wasio na wenyewe. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo katika karne ya 19, aliandika kuwa bustani ile ilikuwa imekwisha kuuzwa na kuuzwa tena, lakini kadhi alikuwa bado akitekeleza wajibu: karibu kila siku alasiri chakula kililetwa katika ua mkubwa wa mahakama, na paka wakala. Watu wa Cairo waliotaka kuachana na paka wao walikuwa wakiwapeleka katika ua ule. Sasa mtu wa kwetu asichukue kisa hiki kuwa kibali cha gunia. Cairo palikuwa na wakfu, palikuwa na kadhi mwenye jukumu, na chakula kilikuwa na saa yake. Soko letu la samaki halina lolote kati ya hayo.

Nieleze sasa kwa nini namwombea paka mzima hasa. Anayechukua paka wa wiki nane hajui amechukua nini. Huenda akawa mpole, huenda akawa mwenye kuuma, na mpaka ajulikane atakuwa amepasua mapazia na kumwaga maziwa ya watoto. Paka wa miaka mitano tabia yake inajulikana. Mlezi aliyekaa naye anaweza kukwambia huyu anapenda kubebwa, huyu hataki kushikwa tumbo, huyu anapatana na watoto, huyu anakimbia kelele, huyu panya hawezi kumpita. Wewe mwenye duka la nafaka Kongowea, unayelalamika magunia yanatobolewa kila wiki, paka mdogo hatakusaidia kwa miezi mingi. Chukua yule mkubwa anayejua kazi, na umpe chakula chake pia, kwani paka mwenye njaa si lazima awe mwindaji bora. Nanyi wazee wenzangu mnaoishi peke yenu, mtoto wa paka atawachosha. Paka mtulivu, aliyekwisha kupita utoto, akilala miguuni mwako wakati unasoma uradi wako, ni mwenzi. Na paka anayetunzwa ndani huishi miaka kumi na mitano na zaidi, basi yule wa miaka sita bado hajafika nusu ya safari.

Namna ya kumkabidhi nayo ina adabu zake, na ya mwanzo ni ukweli. Mtume alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu uliofichwa chini, na mnajua alivyomkemea mwenye rundo lile juu ya udanganyifu. Hiyo ilikuwa nafaka. Tunapompa mtu kiumbe chenye roho, ukweli unazidi kuwa wajibu. Kama anakojoa nje ya mahali pake akiogopa, sema. Kama amewahi kumkwaruza mtoto, sema. Kama ana ugonjwa wa figo au meno mabovu, sema, na useme dawa yake ni nini na inagharimu kiasi gani. Walezi wengine huficha kwa hofu kuwa paka atakataliwa. Akikataliwa leo kwa ukweli ni heri kuliko kutupwa mwezi ujao kwa sababu mpokeaji ameona amedanganywa.

Na anayepokea naye aulizwe, wala asiudhike kuulizwa. Nyumbani kuna nani? Wote wamekubali, au kuna mmoja anayenyamaza tu? Kuna mbwa? Madirisha ya ghorofa ya nne yana wavu? Kuna jirani anayeweka sumu ya panya ovyo? Ukisafiri, utamwachia nani? Asiye na majibu leo akayatafute kwanza. Kumwambia mtu subiri si kumvunjia heshima.

Siku ya kumhamisha, msimbebe guniani, kwa ajili ya Mungu. Tumieni tenga au kikapu chenye kifuniko, au boksi imara lililotobolewa matundu, na ndani mtie kitambaa alichokuwa akilalia, kwani harufu yake mwenyewe humtuliza. Akifika, asizungushwe nyumba nzima wala asikusanyiwe watoto wote wa mtaa wamtazame. Apewe chumba kimoja, maji, chakula alichokizoea, na beseni la mchanga mbali na chakula. Ataingia chini ya kitanda. Mwacheni. Paka mzima huchukua siku kadhaa, na mwenye woga huchukua wiki kadhaa, kabla ya kuamini kuwa hapa ni kwake. Kaa chumbani humo, soma Qur'ani yako kwa sauti ya chini, aizoee sauti. Asipokula siku ya kwanza si ajabu, lakini akifikisha siku mbili bila kula mpelekeni kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa ini la paka huharibika upesi kwa njaa. Na wala msimpe Panadol mkidhani ana homa; kidonge kimoja chaweza kumuua.

Jambo ambalo wengi hukosea ni kumfungulia mlango mapema. Paka aliyehamishwa, akitolewa nje siku ya tatu, hurudi alikotoka. Amekuwa akiishi Kibokoni, ameletwa Kisauni, naye anataka Kibokoni. Abaki ndani wiki tatu au nne mpaka pua na macho yake yakubali kuwa nyumba ni hii. Wengi waliodhani paka wao mpya "ametoroka kwa utovu wa shukrani" walimfungulia tu kabla ya wakati.

Nawe uliyempa, usikate simu baada ya kumkabidhi. Uliza baada ya siku chache, uliza baada ya mwezi. Na umwambie mpokeaji tangu siku ya kwanza, kwa ulimi mkunjufu, kwamba wasipopatana amrudishe kwako. Neno hilo moja huokoa paka wengi kuliko mnavyofikiri, kwa sababu mtu anayeona haya kurudisha ndiye anayekwenda kutafuta gunia.

Najua yapo yanayowatia wasiwasi juu ya tohara, nami siyapuuzi. Kabsha binti Kaab, aliyekuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada, alimtilia maji mkwewe ya kutawadhia. Akaja paka, na mzee yule sahaba akamwinamishia chombo akanywa, kisha akatawadha kwa maji yale. Kabsha akastaajabu, naye akamweleza kuwa Mtume amefundisha kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani. Imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan. Mkojo wake na choo chake ni najisi, bila shaka, ndiyo maana beseni la mchanga liwe na mahali pake, lisafishwe kila siku, na mswala usitandikwe hapo. Nywele zake kwa madhehebu yetu zina mazungumzo, lakini chache zisizoepukika zimesamehewa, na anayeishi naye ana udhuru. Pangusa nguo yako, swali, usijitie waswasi. Kwa mwenye mimba, vijidudu vilivyomo katika mavi ya paka vyaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, basi kazi ya beseni aifanye mtu mwingine nyumbani, na nyama zipikwe ziive. Hakuna sababu ya kumfukuza paka. Na kuhusu paka mweusi kuwa ni jini au mkosi, huo ni uvumi, nao ndio unaowafanya weusi wakae kwa walezi muda mrefu kuliko wote. Tuache.

Vile vile tuwe waangalifu na tunayoyasema kwa jina la Mtume. Maneno yanayosambazwa kwamba kupenda paka ni sehemu ya imani, wataalamu wa hadithi wamesema ni ya kutungwa. Kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu ili asimwamshe paka aliyelala hakimo katika vitabu vya hadithi. Kisa cha namna hiyo kimesimuliwa juu ya Sheikh Ahmad Rifai wa Iraq, Mungu amrehemu. Hatuhitaji kumzulia Mtume wetu huruma, kwa maana iliyothibiti inatosha na kuzidi.

Kuhusu kufunga kizazi, niseme kwa uwazi kwa kuwa mnaniuliza. Paka jike hubeba mimba yapata miezi miwili, na anaweza kuanza akiwa bado hajatimiza nusu mwaka. Hesabu hiyo ndiyo inayojaza nyumba za walezi. Imam Nawawi na wanazuoni wetu wa zamani walikataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Miongoni mwa wanazuoni wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaimin wa Saudia alijuzisha pale paka wanapozidi na upasuaji hauwadhuru, akaona ni bora kuliko kuwaua. Mimi nafuata rai hii, kwa sharti kazi ifanywe na daktari wa mifugo na paka apewe dawa ya usingizi. Asiyetulizana moyo amuulize sheikh wake. Lakini chanjo haina hitilafu: kichaa cha mbwa humpata paka pia, na paka asitoke mkononi mwako kwenda kwa mwingine bila kuchanjwa.

Sasa nigeuke kwa walezi, na wengi ni nyinyi mlioko nyuma ya pazia. Ibn Khallikan amesimulia habari ya Ibn Babshadh, bingwa wa nahau wa Misri aliyefariki mwaka 469 Hijria. Alikuwa akila na wenziwe juu ya paa la msikiti, akaja paka, wakampa tonge. Akaondoka nalo, akarudi, wakampa jingine, akaondoka nalo tena, mara nyingi, mpaka wakashangaa paka mmoja anakula vyote hivyo vipi. Wakamfuata, wakamkuta anampelekea paka kipofu. Mwanachuoni yule akatikisika, akaona kama Mungu anamruzuku kipofu yule kwa mkono wa mwenziwe, itakuwaje amsahau yeye. Akaacha kazi yake ya serikali na akajitoa kwa ibada. Nyinyi mnafanya kazi ya paka yule wa kwanza. Mnabeba matonge ya watu. Mwenyezi Mungu awalipe, na katika kila chenye uhai mna ujira, kama alivyofundisha Mtume baada ya kueleza habari ya mtu aliyemtekea mbwa maji kisimani.

Lakini nina neno gumu kidogo kwenu. Mlezi wa muda akishindwa kuachia, anakuwa mwenye paka ishirini katika vyumba viwili, chakula hakitoshi, ugonjwa wa mmoja unawaingia wote, na anayekuja na paka wa ishirini na moja anakuta mlango umefungwa. Nimeona mama mwema akikataa nyumba nzuri tatu mfululizo kwa sababu hakuna aliyeona anafaa kama yeye. Mapenzi yale nayaheshimu. Hata hivyo paka yule ni amana, na Mungu ametuamuru amana tuzifikishe kwa wanaozistahiki. Ukipata mtu mkweli, mwenye nafasi, aliyejibu maswali yako, mkabidhi. Lia ukitaka, kisha mkabidhi.

Na sisi wengine tusiwatupie mama hawa mzigo wetu. Kumwekea mlezi boksi mlangoni alfajiri, bila jina wala salamu, ni gunia lile lile kwa adabu kidogo. Kama unataka akusaidie, bisha hodi, mwambie hali yako, peleka na chakula cha mwezi, lipia chanjo, na ubaki katika kazi ya kumtafutia paka wako nyumba. Yeye anakupa nafasi, hakuchukulii jukumu. Asiye na nafasi ya paka ana gari la kumpeleka kwa daktari, au ana tenga la kuazima, au anajua mwenye ghala anayesumbuliwa na panya. Mvuvi ana mabaki ya samaki. Fundi ana wavu wa dirisha. Mwalimu wa madrasa ana chuo ambacho misahafu yake inaliwa na panya, na ana watoto wanaohitaji kujifunza kumshika mnyama bila kumtesa.

Leo baada ya swala, walezi wa mtaa huu watakaa barazani upande wa mlango wa wanawake, na daftari lao la paka wazima wanaongoja: umri wa kila mmoja, tabia yake, ugonjwa wake kama anao. Mwenye nyumba, duka au ghala lenye nafasi, apite hapo kabla ya kuvaa viatu aende zake, aulize, na aulizwe. Mwenye paka asiyeweza kubaki naye, naye apite, aandikishe, na arudi naye nyumbani mpaka apatikane wa kumpokea. Tena naomba, kila mmoja atakayepita aanze kuuliza habari za yule aliyengoja muda mrefu kuliko wote.